Kufuli la Kabati

"Usinigeuzie maneno! Nimekuuliza mkate, wewe unanijibu kufuli!"

"Kufuli ndilo lililoanza, Mama. Mkate haukuwa na ugomvi na mtu."

"Mikate miwili. Kopo la maziwa ya unga. Sukari kilo nzima. Siagi ya karanga ambayo hata mimi sijaionja. Viko wapi?"

"Viko salama," binti yake, Bobini, alijibu, akajipigapiga tumbo kwa mkono mmoja huku mguu ukiendelea kukanyaga pedali. Cherehani haikusimama hata nukta moja.

Mama Tepu alikuwa katikati ya duka, ufunguo mkononi, chai yake isiyo na sukari ikipoa juu ya meza ya kukatia. Wateja walimpa jina hilo kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni; kuna msiba alikwenda nayo mpaka makaburini, akashtuliwa na shehe. Siku nne zilizopita alitia kufuli kwenye kabati la chakula, kule jikoni nyuma ya duka, na tangu hapo ufunguo ulilala kifuani mwake. Asubuhi hii alifungua kutafuta sukari akakuta kabati limefagiliwa. Limebaki kopo la maziwa, tupu, na limefunikwa vizuri. Kwanza aliwaza panya. Lakini panya gani anamaliza maziwa halafu anarudisha kifuniko?

"Kikulacho ki nguoni mwako," ilisema sauti kutoka kwenye kona ya pasi.

Huyo alikuwa Mama Mdogo, aliyemfuata Mama Tepu kwa kuzaliwa. Kazi yake pale dukani ilikuwa vifungo na pasi, na kazi ya pili, ambayo hakuajiriwa nayo, ilikuwa kutia chumvi kwenye mambo ya watu. Wazo la kufuli lilikuwa lake. "Ulafi hauna dawa nyingine, dada. Funga." Mama Tepu akafunga.

"Mama Mdogo, wewe nyoosha kola hiyo kabla hujaiunguza," Bobini alisema. "Na wewe Mama, stashahada yako iko pale ukutani, ina fremu na kioo. Ukiletewa gauni unatazama mbele peke yake? Kabati lina mgongo!" Akachomoa bisibisi ya cherehani kwenye mfuko wa aproni, akaizungusha vidoleni. "Skrubu nane. Nimetoa sita, nimebandua ubao wa nyuma, nimekula, nimerudisha nane. Seremala aliyelitengeneza alitia sita, mbili nimeongeza mimi. Mnapaswa kunishukuru."

Mama Mdogo alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka pasi ikatikisika. Mama Tepu naye kicheko kilimfika kooni. Alikimeza, maana hakutaka kupoteza ugomvi aliouanza akiwa na haki.

"Umri wako miaka thelathini na moja," alisema. "Mtu mzima havunji kabati la mama yake."

"Sijavunja. Nimefungua kwa adabu."

Aliitwa Bobini tangu utotoni, kwa kile kigurudumu kidogo cha uzi kinachozunguka chini ya sindano. Alikuwa mtoto wa kutotulia, akizunguka miguuni mwa mama yake mezani huku cherehani inaenda. Ukubwani akawa fundi mwenye mkono mzuri kuliko wa mama yake, na Mama Tepu alilisema hilo mbele ya wateja bila haya. Lakini miaka miwili iliyopita kule kuzunguka kulipita kiasi. Bobini alikaa wiki nzima bila usingizi, akaongea mpaka sauti ikamkauka, na siku ya mwisho alitoka barabarani amevaa gauni la bibi harusi wa watu, akawagawia wapita njia nguo za wateja, hii yako, hii yako, na wewe chukua. Daktari aliupa ugonjwa jina refu. Nyumbani waliuita kupanda na kushuka. Alilazwa wiki sita, na ulipita mwaka mzima kabla hajaweza kuketi tena kwenye cherehani bila mikono kutetemeka.

Jambo ambalo Mama Tepu hakujisamehe halikuwa zile nguo. Ni kwamba alikuwa naye dukani wiki yote ile, meza moja, chai moja, na hakuona kitu mpaka alipoliona gauni jeupe likivuka barabara. Alijiapiza: safari nyingine, kama ipo, nitaiona ikiwa mbali.

Ndiyo maana kulikuwa na ile karatasi. Bobini alipotoka hospitali, muuguzi wa kliniki alimwambia aandike mwenyewe dalili zake, kwa mkono wake, akiwa mzima. Akaziandika kwenye karatasi ya kaki ya kukatia vipimo, akaitoboa tundu, akaitundika kwenye msumari pamoja na vipimo vya mashati na suruali, kwa sababu pale ndipo macho ya fundi hupita kila siku. Mistari mitano. Silali. Naongea bila nukta. Nachukua kazi nyingi. Nakasirika nikizuiwa. Na wa tano: Sigusi chakula. Maana wiki ile mbaya alikuwa ameishi kwa chai.

Mama Tepu aliushika huo wa tano kuliko yote. Usingizi wa mtu huwezi kuuona, kila mmoja na chumba chake. Maneno, Bobini alikuwa na mdomo tangu azaliwe. Sahani ndiyo haidanganyi. Kila mwezi kliniki muuguzi akiuliza, "Anakula?" yeye hujibu kwa kifua mbele. Mwezi uliopita alisema, "Anakula mpaka ukoko, Sista," na wote watatu wakacheka.

Ndipo chakula kikaanza kuisha. Mwanzoni alifurahi. Halafu akashangaa. Halafu akakasirika, kwa sababu mkate ulioingia asubuhi haukuona jioni. Hata mara moja hakuwaza ugonjwa. Mgonjwa wake akiugua hali. Huyu anakula, basi ni mzima, na mzima anayemaliza mikate miwili kwa kujificha ana jina lake, na jina hilo Mama Mdogo alikuwa amekwisha kulisema.

"Nitakagua kazi," Mama Tepu alisema, akaweka ufunguo mezani. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kupoza hasira: kushika nguo.

Sketi za kwaya zilikuwa zimerundikwa kwenye benchi. Arobaini, rangi ya samawati, za kuchukuliwa Jumamosi. Leo Jumatano. Zilikatwa Jumatatu, na kwa hesabu ya fundi yeyote, leo zingekuwa zimefika kumi na tano ukijitahidi. Alihesabu. Akarudia.

"Thelathini na nne?"

"Thelathini na sita, mbili ziko hapa. Na nimemwambia mwalimu wa kwaya tutamtolea na za kwaya ya watoto, na mapazia ya ukumbi, na vitambaa vya meza, amekubali, karibu akubali, nimemwona amefurahi. Na pale mbele tutavunja ukuta, Mama, tuweke cherehani sita, nimeshapima, usiniangalie hivyo, nimepima kwa tepu yako ulipokuwa unaoga."

"Mapindo haya umeyashona lini? Sijasikia cherehani."

"Kwa mkono. Usiku. Kulala kuna nini?"

Mama Tepu aliigeuza sketi ya kwanza ndani nje, akaipeleka dirishani. Mtu mwingine husoma mwandiko. Yeye alisoma mishono. Pindo la sketi ya kwanza lilikuwa la Bobini mwenyewe: vishono vidogo, sawasawa, kama sisimizi wanaofuatana. Akachukua ya kumi. Sisimizi walikuwa wanakimbia. Ya ishirini, vishono vimeanza kuruka, kimoja kirefu, kimoja kifupi. Ya thelathini na nne, kidole chake chote cha shahada kilipenya kati ya kishono na kishono. Na kwenye kona ya kila sketi, kuanzia ya kumi na mbili, palitariziwa ua jekundu ambalo hakuna aliyeliagiza. La kwanza lilikuwa dogo kama kifungo. La mwisho lilikuwa kubwa kama sahani ya kikombe.

"Mwalimu wa kwaya hakuomba maua," alisema taratibu.

"Ataomba akiyaona."

"Ukaidi na ulafi ni mtu na dada yake," Mama Mdogo alichangia. Alikuwa ameweka pasi chini na sasa anavuta gunia la vipande vya nguo lililokuwa chini ya meza, ajaze mto wa wateja kuegemea. Aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Uso wake ukabadilika. Alitoa mfuko wa mkate, mtupu, umekunjwa mara nne. Akatoa mwingine. Akatoa karatasi za biskuti, pakiti ya sukari, kopo la siagi ya karanga lililolambwa likang'aa. Vilikuwa vimepangwa chini kabisa na kufunikwa na vipande kwa uangalifu.

"Ehee! Njoo uone ghala, dada! Hapa kuna..."

"Acha," Bobini alisema.

Cherehani ilisimama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

"Usivitoe. Mama, mwambie arudishe. Msivitazame."

Mama Tepu alimtazama binti yake. Dakika chache tu zilizopita alikuwa akizungusha bisibisi na kujisifu kwa skrubu nane. Sasa ameinamisha kichwa, mikono kaificha chini ya meza, na shingo imemwiva kama ya mtoto aliyekojoa darasani. Mambo hayo mawili hayakushonana. Mlafi ana haya. Mtu aliyepanda hana haya; aligawa nguo za watu barabarani akicheka. Huyu alikuwa na vyote viwili katika asubuhi moja.

"Mdogo wangu, rudisha," Mama Tepu alisema. "Na ufunge mdomo kwa dakika tano, nakuomba."

Mama Mdogo akarudisha, kimoja kimoja.

Mama Tepu alivuta kigoda, akaketi magoti kwa magoti na mwanawe, kama anavyoketi akimpima mtoto mdogo.

"Mwanangu. Sikugombezi. Nijibu kama fundi anavyomjibu fundi. Ukiwa unakula vile, unasikia nini?"

"Nitakujibu kesho."

"Sasa."

Mguu wa Bobini ulikuwa unakanyaga sakafu mahali pasipo pedali.

"Kichwa kinanyamaza," alisema mwishowe. "Nikitafuna, kinanyamaza. Humu ndani kuna cherehani kumi, Mama, zote zinakwenda na hakuna aliyekanyaga. Nikianza mkate zinapunguza. Nikimaliza wa pili zimekaribia kusimama. Wala sisikii utamu. Maziwa nilikula kwa kijiko, makavu, yananibana koo, na siwezi kuacha. Halafu kopo likiisha zinaanza zote kwa pamoja, na mimi natapatapa, najiona mchafu. Basi nachukua sketi. Nikishona haraka sijioni."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Nne."

"Dawa?"

"Nameza."

"Kila siku?"

"Siku nyingine." Aliinua macho. "Nilidhani dawa ndiyo inayoleta njaa, nikazipunguza. Njaa haikupungua, Mama. Niliangalia ile karatasi. Niliisoma kila siku. Nikasema siumwi, mbona nakula?"

Mama Tepu aliinuka, akaenda kwenye msumari, akasoma mistari mitano kama vile hajawahi kuiona. Wa kwanza, ndiyo. Wa pili, ndiyo. Wa tatu, sketi arobaini na mapazia na ukuta. Wa nne, kufuli lilijibiwa kwa bisibisi. Minne kati ya mitano ilikuwa mbele ya pua yake, na yeye alikuwa ameketi juu ya wa tano, amestarehe. Tena hakuketi peke yake. Walikuwa wawili, mama na mwana, wamedanganywa na sahani moja.

Alimpigia muuguzi. Hakuzunguka. Alieleza mikate, kabati, maua, mapindo, dawa, kopo kwenye gunia.

"Sasa niambie, Sista. Huu ni ugonjwa wake ule, au ni ugonjwa mwingine wa kula, au ni mimi nimelea vibaya?"

"Hilo la mwisho liondoe," muuguzi alisema. "Mtu akipanda, breki zinalegea. Kwa wengine breki ya kusema, kwa wengine ya kununua vitu, na wengine ya kula. Na kuna kula kwingine kusikozuilika, kwa siri, kwa aibu, kunakoweza kumpata mtu yeyote, hata asiye na ugonjwa wa kupanda na kushuka. Vinafanana sana, na vinaweza kukaa ndani ya mtu mmoja. Mimi siwezi kuvitenganisha kwa simu. Daktari itabidi amwone, na aje na dawa zote, pamoja na alizoziacha."

"Miadi yetu ni Alhamisi ya wiki ijayo."

"Mama, wewe ni fundi. Ukiona mshono unaanza kufumuka, unangoja ufumuke wote ndipo ushike sindano?"

"Siwezi kungoja."

"Basi njooni. Daktari yupo mpaka saa tisa."

Mama Tepu aliweka simu. Bobini alikuwa amesimama, amekumbatia sketi.

"Siendi. Sketi bado nne. Mama, Jumamosi! Na nikienda watanifungia kule, wiki sita, nitoke nimekuwa ubao."

"Sijui watasema nini. Sitakudanganya. Safari ile tulikupeleka umekwisha kusambaratika. Leo unakwenda kwa miguu yako, unaeleza kwa mdomo wako, na mimi niko pembeni."

"Unasema tu. Wewe ndiye uliyefunga chakula."

Mama Mdogo alianza kusafisha koo. Mama Tepu alimnyooshea kidole bila kumtazama, na koo likakaa kimya.

"Ndiyo, nilifunga," alisema. "Nilikosea. Niliona mkate, wewe sikukuona."

Alichukua ufunguo mezani, akaenda jikoni. Walisikia kufuli likifunguka na kuchomolewa. Aliporudi lilikuwa mkononi, zito, la shaba. Lilikuwa ndilo kufuli la duka. Wao waliishi palepale nyuma, usiku hujifungia kwa komeo la ndani, ndiyo maana kufuli lilikaa bila kazi mpaka kabati likalipata. La nje hutiwa tu siku ambayo nyumba nzima imetoka, na kwa miaka kumi na minane ya duka hilo, siku ya kazi, lilitiwa mara moja tu: siku alipozikwa baba yake Bobini.

"Zima pasi," alimwambia mdogo wake. "Chukua mkoba, nenda kwako."

"Dada, mimi naweza kubaki nikaendelea na..."

"Ukibaki utawaambia wateja. Nenda. Kesho asubuhi uje tufumue mapindo, mimi na wewe, tuyashone upya." Akagusa ua la sketi moja. "Maua yatabaki. Ni mazuri."

Bobini alicheka, kicheko kifupi kilichotoka kikakatika. Aliiweka sketi chini, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akaiendea ile karatasi ya kaki, akachukua kipande cha chaki ya kukatia nguo, akaandika mstari wa sita. Herufi zilirukaruka kama mapindo ya mwisho, lakini zilisomeka: Nakula ili kichwa kinyamaze. Akaichomoa msumarini, akaikunja mara mbili.

"Hii twende nayo," alisema. "Nikifika kule nitaanza kuongea ya mapazia, najijua. Nikianza, mpe daktari."

"Nitampa."

"Na nina njaa. Au sijui kama ni njaa."

"Tutanunua mkate njiani. Utakula tukiwa tumeketi kwenye foleni, mimi na wewe, hadharani. Ukitaka kusimama, simama. Ukishindwa, utamweleza daktari umeshindwa. Dawa ziko wapi?"

"Chini ya godoro."

"Zote?"

"Zote, Mama. Na nyingine kwenye kopo la vifungo."

Mama Tepu alizitoa za chini ya godoro, akalichukua na kopo la vifungo zima, akatia vyote kwenye mkoba, kopo likalia kama njuga.

Walipotoka, mwalimu wa kwaya alikuwa anavuka barabara, mkono juu, amekwisha kuanza kusema kabla hajafika. "Mama Tepu! Saa nne asubuhi unafunga? Nimekuja kuonja sketi zangu!"

"Shikamoo, Mwalimu. Sketi hazionjwi."

"Marahaba. Lakini Jumamosi..."

"Jumamosi utazipata. Nyingine zitakuwa na ua. Kama hulitaki, uniambie Ijumaa. Mapazia sahau, na ukuta pia."

"Ukuta gani?"

"Ndiyo hivyo, usahau."

Mwalimu aligeuka kumtazama Mama Mdogo apate maelezo. Mama Mdogo alifungua mdomo, akamwona dada yake, akaufunga, akashika njia ya kwake akitembea haraka, maana habari ilimwasha.

Mama Tepu alizivuta mbao mbili za mlango, akapitisha kufuli, akalibana mpaka likalia. Akalivuta mara mbili kuhakikisha, kama kawaida yake. Ufunguo akampa Bobini.

"Shika wewe. Mimi nina kopo."

Bobini aliutia mfukoni, kando ya bisibisi, na wakashika barabara ya hospitali.